Pakiti Mbili Kwenye Droo ya Vifungo

Maneno yale Mama Bonge aliyasikia bombani siku ya Jumatatu, ndoo yake haijafika hata nusu, na tangu hapo hayakumtoka kichwani. Aliyeyasema ni msusi wa chumba cha mbele, mwanamke ambaye uani kote walimwita Redio, kwa kuwa habari zake hazikuwa na kitufe cha kuzimia.

"Umesikia ya mtoto wa fundi viatu?" Redio aliuliza, kiganja mdomoni, utadhani bomba lina masikio.

"Yule wa mwisho? Ana nini?"

"Ana nini! Uliza alikuwa na nini. Aliharisha, mama yake akakimbilia zahanati, akapewa vile vipakiti vya unga wa kukoroga na maji. Kakoroga, kamnywesha. Wiki haijaisha, chumba kitupu, mlango una kufuli! Vile vipakiti vinakausha, shoga yangu. Vinanyonya maji yote ya mtoto, inabaki mifupa."

"Lakini wewe ulimwona?"

"Nilimwona mama yake akipita hapa asubuhi na mapema, mtoto kafunikwa gubigubi, mguu mmoja tu unaning'inia. Nikajisemea, basi tena."

Mama Bonge alifunga bomba. Nyumbani kwake, kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo na ncha za uzi, alikuwa na pakiti mbili za aina hiyohiyo. Nesi alikuwa amempa siku ya kupima uzito, akamwambia aziweke, zitamfaa. Jioni ile alizitoa akazitazama pande zote kama mtu anayekagua noti ya bandia. Alitaka kuzitupa. Akaona kutupa dawa nako si vizuri. Akazirudisha droo, akazifukia kwa vifungo vya koti.

Mtoto mwenyewe, Bonge, alikuwa wa kike, miezi kumi na moja, na jina hilo alipewa na uani mzima bila kikao. Mikono yake ilikuwa na mikunjo kwenye viwiko na kwenye vifundo, kama amevishwa bangili za nyama. Mtu akipita lazima amfinye shavu, na Bonge lazima amshike kidole asimwachie.

*

Alhamisi, kabla chai haijachemka, Bonge alikuwa ameshachafua nepi mara tatu. Choo chenyewe kilikuwa maji matupu. Ilipofika saa nne Mama Bonge alikuwa ameacha kuhesabu.

Siku hiyo alikuwa na gauni nne za kumalizia. Jumamosi palikuwa na harusi, na shangazi wa bibi harusi alikuwa ameleta vitambaa vya wasindikizaji kwa masharti mengi. Kila siku alipita kukagua. Alikwaruza mishono kwa ukucha, akavuta mikono ya gauni, kisha akasema, "Mm," na ile "mm" ilimuuma Mama Bonge kuliko tusi.

Redio alichungulia mlangoni na kitana nyweleni.

"Anaharisha? Usimpe maji! Na titi mpunguzie. Ndoo imetoboka, wewe unazidi kuijaza? Iache, maji yakiisha itakauka yenyewe."

Neno hilo, lilivyosemwa, lilionekana lina akili. Mama Bonge akafunika kikombe cha maji. Bonge alipompapasa kifua akitaka kunyonya, mama alimgeuzia bega. Alimgeuzia mara moja, mara mbili, na mara ya tatu mtoto hakuomba tena. Mama akashona mfululizo na kumshukuru Mungu kwamba mtoto ametulia. Utulivu ule ndio uliokuwa hatari yenyewe, na yeye aliuona kama nafuu.

Saa saba mume wake alirudi kula. Alikuwa fundi rangi, na siku hiyo alikuwa akipaka shule, kwa hiyo kope zake zilikuwa za bluu. Aliinama kitandani amfinye Bonge shavu kama kawaida yake. Akasimama.

"Huyu mtoto kanyamaza tangu saa ngapi?"

"Amelala."

"Halali huyu. Anatuangalia tu."

Mama Bonge alikuja na futi yake ya kupimia shingoni. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, kama vifungo vilivyoshonwa kwa uzi uliovutwa kupita kiasi. Midomo ilikuwa imekauka. Bonge akakunja uso alie, sauti ikatoka nyembamba, na hakuna chozi lililoshuka.

"Zile pakiti za kliniki ziko wapi?" baba akauliza.

"Hapana, Baba Bonge. Zile ndizo zilizommaliza mtoto wa fundi viatu."

"Nani kasema?"

"Redio."

"Redio! Mwezi uliopita si alitangaza nina mke wa pili? Nikamtafuta huyo mwanamke wiki nzima nimjue, nisimwone!"

Siku nyingine Mama Bonge angecheka. Alibaki amesimama mbele ya cherehani, mgongo umeziba droo, na mume wake akamsogeza pembeni taratibu kama anayehamisha kabati. Vifungo vikamwagika sakafuni. Akaipata pakiti moja, akaichana kwa meno, akaimimina yote kwenye kikombe kimoja cha maji ya kunywa.

"Si wanasema chombo kikubwa?" mama akauliza.

"Ndiyo wanavyosema. Lakini lita nzima kwa tumbo hili? Itakuwa nyepesi, haitafanya kazi. Rangi ukiizidishia maji haishiki ukuta." Akakoroga kama anavyokoroga rangi, kijiko kikizunguka upande mmoja tu mpaka haikuonekana chembe. Akampa mtoto kijiko kimoja, akaongeza cha pili.

Bonge akatetemeka mwili mzima, akatapika.

"Umeona!" Mama Bonge alipiga kelele uani kote wakasikia. "Umeona sasa! Mnaniulia mtoto!"

Alimnyakua Bonge kwa mkono mmoja, kikombe kwa mkono wa pili, akakifunika kwa kisahani kama ushahidi wa kupeleka polisi, akatoka mbio.

*

Kwenye benchi la zahanati walikuwa wamekaa watu kama kumi. Mama Bonge hakuulizia foleni. Alisimama katikati, jasho limemlowanisha, futi inaning'inia shingoni, akamnyooshea nesi kile kikombe.

"Hiki ndicho mlichonipa nimuue mwanangu!"

Benchi zima likageuka. Nesi alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, miwani imefungwa kamba. Hakukasirika. Alimchukua mtoto kwanza. Alimfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili akaiachia, na ngozi ikarudi kwa uvivu, kama kitambaa kilichokunjwa muda mrefu. Akaulizia damu kwenye choo, haikuwepo. Ndipo akachukua kijiko safi, akaonja kwenye kikombe.

Uso wake ulikunjamana mpaka miwani ikashuka.

"Nani kakoroga?"

Baba Bonge alikuwa ndiyo kwanza anafika, anahema, pakiti ya pili mkononi. "Mimi."

"Kwa maji kiasi gani?"

"Kikombe. Hicho hicho."

"Na pakiti imeandikwaje? Isome, baba, tusikie wote."

Baba Bonge aliigeuza ile pakiti. Akasoma polepole kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. "Maji… safi… lita moja."

Benchi likaangua kicheko. Mzee mmoja aliyekuja na kikohozi alicheka mpaka kikohozi kikampata.

"Hapa mmemkorogea mtoto bahari," nesi akasema. "Chumvi ikizidi hivi, ndipo inapomkausha zaidi. Shukuruni ameitapika." Kisha akamgeukia mama, akaishika ncha ya futi iliyoning'inia kifuani pake. "Na wewe mwenzangu. Kiuno cha mtu unakipima kwa futi, mara mbili, tena unaandika. Tumbo la mwanao mnalipima kwa jicho?"

Mama Bonge aliinamisha kichwa. Kukemewa mbele ya watu ni sawa na kuvuliwa kilemba sokoni.

"Ulimpa maji leo? Ulimnyonyesha?"

"Hapana. Niliambiwa… ndoo imetoboka."

"Ndoo ikitoboka na ndani kuna samaki, utaacha maji yaishe?" Nesi hakusubiri jibu. "Amekauka, lakini bado ana nguvu za kumeza. Angeshindwa kumeza, saa hii tungekuwa tunatafuta gari la hospitali kubwa. Haya, njooni hapa."

Pembeni palikuwa na meza ndogo, jagi la lita lenye mistari, vikombe na vijiko. Nesi alinawa mikono kwa sabuni, akamimina maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka kwenye mstari wa lita, akamwaga pakiti yote, akakoroga. Kisha akajimiminia kidogo, akanywa mwenyewe. "Onja na wewe."

Mama Bonge akaonja. "Kama machozi."

"Hapo hapo. Yakizidi machozi kwa chumvi, mwaga. Sasa shika kijiko."

Akakishika. Akakijaza. Mkono ukagoma katikati ya njia. Aliuona ule mguu mdogo unaning'inia chini ya shuka, mguu ambao hakuwahi kuuona ila kwa mdomo wa Redio.

"Mtoto wa fundi viatu alikunywa haya haya," alinong'ona.

"Huyo simjui mimi," nesi akasema. "Namjua huyu. Mkono unaotia uzi kwenye tundu la sindano unashindwa na mdomo wa mtoto?"

Mama Bonge akafumba macho, akafumbua, akapeleka kijiko.

Bonge akameza. Akakaa kama anafikiri. Kisha akafunga meno yake mawili kwenye kile kijiko, akakataa kukiachia.

"Anataka!" baba akasema, sauti imempasuka. "Mama Bonge, anataka!"

Alikunywa vijiko sita, akatapika. Mama akamwangalia nesi, roho iko mkononi.

"Usiogope. Pumzika dakika kumi, uanze tena, polepole zaidi. Na titi mpe, usimnyime."

*

Saa tisa hivi shangazi wa bibi harusi aliingia zahanati amevaa vizuri, gauni ya msindikizaji mmoja kwapani, sindano bado imechomekwa kwenye upindo. Alikuwa ameichukua mwenyewe juu ya cherehani.

"Nimekwenda kwako nimekuta vifungo sakafuni na mlango wazi!" alisema, wote wakamsikia. "Nilijua mimi. Fundi wa uani ni wa uani tu. Harusi keshokutwa, upindo haujashonwa, na yeye amekaa kwenye benchi anakunywa juisi!"

"Si juisi, shangazi. Mtoto anaumwa."

"Shangazi yako nani?"

Nesi alitoa kichwa kwenye dirisha la dawa. "Mama, wewe umezaa?"

"Saba."

"Basi unajua kushika mtoto. Kaa. Kijiko kimoja kila baada ya dakika moja, asiharakishwe. Mwenzako ameshika kijiko tangu saa nane."

Kama ni sauti ya nesi au ni ile saba aliyoitaja kwa majivuno, hakuna aliyejua. Shangazi alikaa. Bonge akawekwa juu ya sketi ya kung'aa. Mama Bonge akapokea gauni, akachomoa sindano, akaanza kushona upindo kwa mkono palepale kwenye benchi, jicho moja kwenye uzi, jingine kwa mwanawe.

Mwanzo Shangazi alilisha kama anayelipa faini. Baada ya robo saa akawa anafungua mdomo wake kila Bonge anapofungua. Baada ya nusu saa alikuwa anamwimbia, na sauti yake, kusema kweli, ilikuwa mbaya sana.

"Kingine hicho, bibi wee. Aah! Nani kameza? Nani kameza kama mtu mzima?"

Bonge alimtazama kwa makini. Macho yalikuwa yanarudi nje kidogo kidogo. Akanyoosha mkono, akamshika Shangazi kidole, asimwachie.

"Ana nguvu, jamani," Shangazi akasema, ameshalainika. "Huyu ana… Hee! Heee! Mungu wangu! Kitu gani cha moto hiki?"

Akainuka nusu, mtoto mikononi. Sketi ya kung'aa ilikuwa na doa lililotanuka kutoka pajani mpaka gotini.

"Amekojoa!" nesi akaitikia kutoka ndani, akaja mbio. "Amekojoa huyo!"

"Amekojoa!" Baba Bonge akaruka, akamkumbatia yule mzee wa kikohozi. Benchi zima likapiga makofi. Mama mmoja mwenye mapacha akapiga vigelegele.

"Yaani," Shangazi akasema, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiatu, "mimi nimekojolewa halafu mnanishangilia?"

"Hujakojolewa, mama," nesi akajibu akifuta miwani. "Umepokea majibu ya vipimo. Tangu aletwe hapa mtoto huyu hajatoa tone la mkojo. Mwili ukipata maji ya kumwaga, ujue yamemtosha."

Kelele zile zikamtisha Bonge, akaangua kilio, safari hii kilio cha kweli, na machozi mawili makubwa yakateremka kwenye mashavu. Mama Bonge akadondosha gauni. Akayagusa yale machozi kwa kidole, akayaonja, akacheka huku naye analia, na watu wakashindwa kujua wamtulize yupi.

Walipoondoka jua likiwa bado liko juu, nesi aliwapa pakiti nyingine na vidonge vya zinki, kimoja kila siku kwa siku kumi na nne, hata mtoto akipona kesho. Kila akiharisha anywe robo mpaka nusu kikombe. Aendelee kunyonya, na uji wake ale. Mchanganyiko ukikaa siku moja umwagwe. Baba Bonge alirudia kila neno kwa sauti, akihesabu kwa vidole vyake vya bluu.

Jioni ile alinunua jagi jipya na chupa ya maji ya lita moja. Aliimimina chupa ndani ya jagi, akachovya brashi nyembamba, akachora kwa nje mstari mwekundu, umenyooka kama umepigwa rula. Juu yake akaandika: HAPA.

"Punguza chini, zidisha juu, ni kosa," alimwambia mkewe. "Mstari ni mstari."

"Na rangi nyepesi haishiki ukuta?"

"Mama Bonge, yaishe."

*

Jumamosi asubuhi gauni nne zilipelekwa, zimepigwa pasi. Shangazi alizikagua kwa ukucha, mshono baada ya mshono. Hakusema "mm". Alisema, "Na mtoto mlete harusini. Nitamshika mwenyewe, ila nitavaa nguo ya kazi."

Mama Bonge alirudi kwa njia ya nyuma ya soko, Bonge mgongoni. Akasikia nyundo ikigonga soli. Akageuka. Chini ya mwavuli uliotobokatoboka alikaa fundi viatu, misumari mdomoni, na kando yake, juu ya boksi la viatu, alikaa mtoto wa miaka miwili hivi anatafuna hindi la kuchoma, kidevu kimejaa masizi.

Mama Bonge alisimama kama aliyepigiwa filimbi.

"Huyo… huyo ni nani?"

Fundi viatu alitema misumari kiganjani. "Si mwanangu wa mwisho huyu! Umemsahau mara hii?"

"Si tuliambiwa… aliharisha…"

"Aah, aliharisha kweli, akatutia wasiwasi. Mama yake akampa maji yale ya pakiti siku mbili, akasimama. Halafu tukahama. Paa la kule lilivuja juu ya kitanda, na mwenye nyumba kila siku ananiambia kesho. Tulihama alfajiri, mtoto kafunikwa asipigwe na umande." Akamwangalia. "Mbona unalia, mama?"

"Silii. Nikuombe kitu kimoja. Niazime mwanao dakika kumi."

Redio alikuwa kibarazani kwake, mteja katikati ya magoti, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Habari ilikuwa imefika mahali patamu. Akainua macho akaona mbele yake Mama Bonge, Bonge mgongoni, na aliyeshikwa mkono ni mtoto mwenye hindi la kuchoma. Nyuma yao fundi viatu.

"Redio," Mama Bonge akasema. "Marehemu amekuja kukusalimia."

Kitana kikaanguka. Mtoto, aliyefundishwa adabu, akasema, "Shikamoo."

Redio akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie uani hakikutoka kitu. Mteja akageuka kuona kulikoni, nywele zimesimama upande mmoja. Kisha Redio akapiga magoti, akamshika mtoto miguu yote miwili, akaihesabu, akaanza kucheka, na uani wote ukatoka vyumbani kucheka naye.

"Nisameheni, jamani," alisema alipopata pumzi. "Ila mguu uliokuwa unaning'inia ni huu. Wa kushoto. Hapo sikudanganya."

Hata hivyo, pamoja na kicheko hicho, usiku ule Mama Bonge hakulala vizuri. Alijua zilikuwa zimebaki saa chache tu maneno ya bombani yamchukue Bonge. Akachukua karatasi ya kukatia mitindo, akaandika kwa kalamu nene, akaibandika ukutani juu ya bomba. Redio mwenyewe ndiye anayewasomea wageni, kwa sauti yake ile isiyozimika:

MTOTO AKIHARISHA:

Usimnyime maji. Usimnyime titi. Usimnyime chakula.

Usikoroge pakiti kwenye kikombe. Pakiti moja nzima, lita moja ya maji safi. Usipunguze, usizidishe.

Usiongeze sukari, soda wala maziwa humo.

Usimnyweshe kwa pupa. Kijiko kwa kijiko. Akitapika usiache, subiri dakika kumi uanze tena.

Usimpe yaliyolala tangu jana.

Usimpe dawa ya kufunga tumbo uliyopewa na jirani.

Usiache zinki kwa sababu amepona.

Usifurahi akinyamaza. Macho yakiingia ndani, akilia bila chozi, asipokojoa, akishindwa kunywa, au ukiona damu kwenye choo, usikae hapa unasoma. Nenda zahanati.

Na usimzike mtoto wa mwenzako kabla hujamuuliza baba yake.